Injini ya ndege ikipasuka angani, nani awajibike? Kisa cha panga namba 13

Mtoto wa Igoma (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi ni mrefu, mnivumilie. Mwaka jana nilikuwa natoka Mwanza kwenda Dar kwa ndege ya mapanga, zile za abiria sabini hivi. Nilikaa dirishani upande wa kushoto, injini iko pale pale mbele ya macho. Tulikuwa tumeshaliacha ziwa nyuma, wahudumu wanajiandaa kugawa maji, mara mlio ukabadilika. Hakikuwa kishindo. Ilikuwa kama mashine ya kusaga ikiishiwa mahindi: sauti inapanda kidogo, halafu inalegea, halafu haipo. Nikatazama nje. Lile duara la ukungu ambalo huwa hulioni panga ndani yake, nikaanza kuyaona mapanga yake moja moja. Nikayahesabu mpaka sita. Yakasimama yakiwa yamejigeuza ubavu kuukata upepo. Mzee niliyekaa naye akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kijana, lile si lilikuwa linazunguka?" Nikamwambia ndiyo mzee. Akanishika mkono na hakuuachia mpaka tulipotua.

Tulirudi Mwanza salama kwa injini moja. Rubani alizungumza nasi kwa utulivu na kutua alitua vizuri kuliko siku nyingi ninazozikumbuka. Tukakaa ukumbini kwa muda wa saa tano, tukapewa soda na biskuti, na ujumbe kwenye simu: safari imeahirishwa kwa sababu za kiufundi. Kesho yake nikaandika barua pepe kuuliza ni kitu gani kiliharibika. Sijajibiwa hadi leo. Shirika silitaji, maana sikuja kumchafua mtu.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma ripoti za uchunguzi wa ajali za ndege kila nikipata muda, na kuna jambo limenikaa rohoni. Tunapozungumzia injini kufeli tunazungumza kama habari ya radi, kitu kimetoka mbinguni. Kumbe mara nyingi kuna karatasi mahali fulani, mezani kwa mtu fulani, iliyosema miezi au miaka kabla kwamba kitu hiki kitavunjika. Kwangu mimi swali la nani awajibike liko hapo: aliyejua alifanya nini kuanzia siku aliyojua?

Niwape kisa kimoja kwa kirefu.

Tarehe 17 Aprili 2018, ndege ya Southwest safari namba 1380 iliruka kutoka LaGuardia, New York, kwenda Dallas. Ni Boeing 737-700, watu 149 ndani. Ikiwa bado inapanda, karibu futi 32,000, panga moja la feni ya injini ya kushoto likakatika. Feni ni lile gurudumu kubwa unaloliona ukisimama mbele ya injini ya jeti. Kwenye injini hii, CFM56-7B, feni ina mapanga 24 ya titani, na kila moja shina lake limechomekwa kwenye kitovu. Lililokatika lilikuwa namba 13, na lilikatikia kwenye shina, sehemu ambayo ukisimama pale mbele na tochi yako huwezi kuiona.

Injini za abiria hupimwa kiwandani kwa jambo hili hili. Wanalikata panga makusudi injini ikiwa kwenye kasi kubwa kabisa, waone kama ganda lake litavizuia vipande visitoke. Lakini siku ile panga liligonga sehemu ya chini ya ganda, mtikisiko ukapita kwenye mfuniko wa nje wa injini, mfuniko ukararuka. Kipande cha mfuniko ndicho kilichoruka na kuvunja dirisha la safu ya 14. Hewa ya ndani ikatoka kwa nguvu pale dirishani, ikamvuta mama aliyekuwa amekaa hapo. Alikuwa amefunga mkanda, na bado nusu ya mwili wake ilitoka nje. Abiria wawili walipambana wakamrudisha ndani, muuguzi aliyekuwa safarini akajaribu kumwokoa. Hakupona. Tangu Februari 2009 hakuna abiria aliyekuwa amekufa kwenye ajali ya shirika la ndege la Marekani.

Kapteni Tammie Jo Shults, aliyewahi kurusha ndege za jeshi la majini, aliishusha Philadelphia dakika kama 17 baada ya panga kukatika. Ulimwengu ulimsifu, na alistahili.

Sasa rudini nyuma kidogo. Tarehe 27 Agosti 2016, shirika hilo hilo, aina hiyo hiyo ya ndege, injini hiyo hiyo, safari ya kutoka New Orleans kwenda Orlando: panga la feni likakatika shinani, mfuniko ukararuka, ubavu wa ndege ukatobolewa, hewa ikatoka. Walitua Pensacola, hakuna aliyeumia. Wachunguzi walilitazama lile panga wakakuta ufa wa uchovu wa chuma. Kwa hiyo tangu 2016 ilijulikana.

Mwaka 2017 mtengenezaji wa injini, kampuni ya CFM ambayo ni ubia wa GE ya Marekani na Safran ya Ufaransa, alitoa waraka akishauri mapanga yapimwe kwa mawimbi ya sauti, maana ufa wa shinani jicho haliuoni. Waraka wa mtengenezaji ni ushauri. Anayetoa amri ni mamlaka ya anga, na kwa Marekani ni FAA. Agosti 2017 FAA ikatoa pendekezo la amri na kuomba maoni. Mashirika yakatoa maoni yao. Mengine, Southwest likiwemo, yalitaka muda wa kupima usipungue miezi 18. Mamlaka ya Ulaya, EASA, ikatangulia kutoa amri yake wiki chache tu kabla ya ajali, ikiwapa watu miezi tisa. Ya FAA ilikuwa bado mezani.

Panga namba 13 lilikuwa limeruka na kutua zaidi ya mara 32,000. Lilikuwa limewahi kufunguliwa karakana mwaka 2012 na kukaguliwa kwa dawa ile inayong'aa ikipenya kwenye nyufa. Baadaye wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, walisema yaelekea ufa ulikuwepo tayari wakati ule, haukuonekana.

Siku tatu baada ya ajali, tarehe 20 Aprili 2018, FAA ikatoa amri ya dharura: mapanga yaliyofikisha mizunguko 30,000 (mzunguko ni kuruka na kutua mara moja) yapimwe ndani ya siku 20. Na yalipopimwa, nyufa zikapatikana kwenye mapanga mengine.

Miezi minane karatasi ilikuwa inazunguka. Halafu siku 20 zikatosha. Nikifika hapo kwenye ile ripoti huwa nashindwa kuendelea.

Karibuni tuzungumze.

Kisiki

Mkuu umeandika vizuri ila mimi nina mashaka na hitimisho lako. Southwest ni shirika la nauli nafuu. Wanarusha ndege mara sita kwa siku, muda wa fundi kuangalia chuma unatoka wapi? Tatizo ni ubahili wa mashirika, tusizungushe maneno. Panda mashirika makubwa yenye hela uone kama utasikia haya.

Mtoto wa Igoma

Kisiki, ndugu yangu, ningependa iwe rahisi hivyo. Lakini chukua Chicago, 25 Mei 1979. American Airlines, shirika kubwa hasa, safari namba 191, ndege ya DC-10. Inanyanyuka tu njiani, injini ya kushoto ikang'oka pamoja na mhimili wake, ikapita juu ya bawa, ikaanguka. Watu wote 271 waliokuwemo walikufa, na wawili waliokuwa ardhini.

Na injini yenyewe haikuwa na ubovu. Kilichovunjika ni pale mhimili unaposhikana na bawa, na kilivunjikia karakana wiki kadhaa kabla. Mtengenezaji alisema shusha injini kwanza, halafu ushushe mhimili. Mafundi wakagundua kwamba ukivishusha vyote pamoja kwa folklifti unaokoa kama saa 200 za kazi kwa ndege moja. Folklifti si mkono wa binadamu, ikiteleza sentimita chache chuma kinapinda na kupasuka. Ndivyo ilivyokuwa. Shirika jingine kubwa la huko, Continental, lilikuwa linafanya vile vile na lilishakuta nyufa kwenye ndege zake, likazitengeneza kimya kimya. Laiti wangepiga simu moja. FAA iliwatoza faini wote wawili, na DC-10 zikazuiwa kuruka zaidi ya mwezi mzima.

Hela zilikuwepo pale. Na aliyekwenda na folklifti hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaokoa muda wa mwajiri wake na msimamizi wake alikuwa anaona.

FundiSpana_MSA

Ndugu zangu, nimesoma kimya nikaona niingie. Mimi ni mtu wa Mombasa, kazi yangu ni hizo injini mnazozizungumzia. Nimefanya karakana za Ghuba miaka kumi na moja, sasa niko nyumbani.

Mtoto wa Igoma, mambo ya karatasi umeyasema sawa, ila wacha niwaonyeshe vile kazi yenyewe huwa. Sanduku la spana la fundi wa ndege lina sponji ndani, imekatwa kwa umbo la kila chombo. Koleo ina shimo lake, bisibisi ina shimo lake. Kabla hujafunga mfuniko wa injini unafungua sanduku na kuangalia mashimo. Shimo moja likiwa tupu, ndege haiendi. Nimewahi kukesha natafuta kioo kidogo cha kuchungulia, kile kama cha daktari wa meno, hadi saa kumi alfajiri. Abiria mia mbili walikuwa wanasubiri na meneja amesimama nyuma yangu anaangalia saa. Kilikuwa kimeingia kwenye ukunjo wa ovaroli ya mwenzangu. Meneja alikasirika, lakini hakuthubutu kuniambia nisaini kabla hakijapatikana, kwa sababu leseni ni yangu na jina litakalosomwa mahakamani ni langu.

Hiyo saini ndiyo kila kitu. Anayeweka mkono kwamba ndege iko sawa kuruka ni mtu mmoja mwenye leseni. Kwa sehemu nyeti kama mitambo ya kuongozea ndege, kazi yako lazima ikaguliwe na mwingine ambaye hakuigusa.

Sasa, fundi huyu ana watu wawili wanaomvuta. Kisa kinachonitia uchungu mimi ni Air Transat 236, Agosti 2001, Toronto kwenda Lisbon, Airbus A330. Siku chache kabla walibadilisha injini ya kulia. Injini waliyoletewa ilikuwa ya toleo la zamani kidogo, pampu ya haidroliki (ile ya kusukuma mafuta ya shinikizo yanayoendesha mitambo ya kuongozea ndege) haikuja nayo, wakahamisha pampu ya injini iliyotoka. Bomba la mafuta na bomba la haidroliki vikawa havikubaliani, vimekaribiana mno. Waraka wa mtengenezaji ulioeleza tofauti hiyo ulikuwepo, lakini siku hiyo hawakuweza kuufungua kwenye kompyuta yao. Muda ulikuwa unakimbia, ndege inahitajika. Wakalazimisha nafasi kidogo, wakafunga.

Mabomba yale yakasuguana angani hadi la mafuta likapasuka. Katikati ya bahari ya Atlantiki injini ya kulia ikazima, halafu ya kushoto, maana marubani, kwa kutojua kuwa ni mvujo, walikuwa wamefungulia mafuta ya upande mzima yakaenda upande unaovuja. Watu 306. Kapteni Robert Piché na mwenzake walielea na ile ndege dakika 19 bila injini hata moja, wakatua Lajes, visiwa vya Azores. Hakuna aliyekufa. Shirika lilipigwa faini ya dola 250,000 za Kanada.

Mimi kila nikihisi bomba linakataa kuingia, Azores inanijia kichwani.

Mama Careen

Shikamooni kwa wanaostahili, na marahaba kwa wanangu. Mimi si mtaalamu. Mwezi ujao nampeleka mjukuu wangu kwa mama yake, tunaunganisha Nairobi, na baada ya kusoma hapa sijalala. Naombeni mtu aniambie kwa lugha ya nyumbani: injini ikizimika, ndege inaanguka?

Mtoto wa Igoma

Shikamoo mama. Nisamehe kwa kukukosesha usingizi, haikuwa nia yangu.

Haianguki. Ndege kubwa ya abiria ya injini mbili haipewi cheti mpaka ithibitike kwamba injini moja ikizimika hata pale inaponyanyuka uwanjani, imejaa watu na mafuta, ile iliyobaki inaweza kuipandisha. Marubani hufanyia mazoezi jambo hilo kwenye mashine ya kuigiza tena na tena kila mwaka. Na zikizimika zote, ndege bado ina mabawa, inashuka taratibu kama tai anayeacha kupiga mbawa. FundiSpana ameshakupa mfano wa Azores.

Hatari inaingia pale watu wanapokosea juu ya ubovu uliokuwa unavumilika. Februari 2015 ATR 72 ya TransAsia iliruka kutoka Songshan, Taipei. Kifaa kikatoa ishara ya uongo, injini ya kulia ikajitoa kazini. Ya kushoto nzima kabisa. Kapteni kwa taharuki akaipunguza nguvu na kuizima ile nzima. Ndege ikaanguka kwenye mto Keelung, wakafa 43 kati ya 58. Na ripoti ikaonyesha kwamba mwaka uliotangulia kapteni huyo alishafeli mtihani kwenye mambo ya kushughulikia injini iliyozimika, akarudia, akapitishwa. Karatasi tena. Ndege yangu ya siku ile Mwanza ilikuwa ya ukoo huo huo, kwa hiyo nilipoisoma ripoti hii usiku niliamka nikaenda kukaa nje. Rubani wetu alizima ile iliyopaswa kuzimwa. Hilo tu ndilo lililotutenganisha na wale wa Taipei, na nikimpata nitamshika mkono.

Kwa safari yako mama, yapo mawili ya kufanya. Mkanda ufungwe muda wote uko kitini, hata taa ikizimwa. Na vikombe vya oksijeni vikishuka, vaa chako kwanza kifunike pua na mdomo, halafu umvishe mjukuu. Kwenye picha za Southwest 1380 watu wengi wameweka mdomoni tu, pua iko nje. Wahudumu walikuwa wameonyesha namna ya kuvaa, hakuna aliyekuwa anatazama.

Mama Careen

Asante mwanangu. Nitamfundisha mjukuu kwa kikombe cha uji kesho asubuhi.

Ngalawa1961

Mada nzuri sana hii. Ila tuje nyumbani. Desemba 2024 Ulaya waliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kwenye anga yao, Juni 2025 wakaweka mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Wengine hapa jamvini walisema ni wivu wa wazungu. Mwanzisha uzi unasemaje? Maana usituletee Chicago ukaiacha Dar.

Mtoto wa Igoma

Siiachi, Ngalawa.

Angalia hatua ya pili ya Ulaya. Wanapoweka mashirika yote ya nchi moja, hata yale yanayoishia Mafia na Songea, hawazungumzii tena ndege ya fulani. Wanazungumzia mamlaka inayotakiwa kuzikagua. Sababu waliyoitoa ni upungufu wa usimamizi. Kwa sheria za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ndege yenye herufi 5H ubavuni ni ya Tanzania kuisimamia, kama ilivyo 5Y kwa Kenya. Airbus hawaji kukagua, Boeing hawaji. Ni TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga. Kwa hiyo jibu la kizalendo kwangu mimi ni kuitaka TCAA iwe na wakaguzi wa kutosha wanaolipwa vizuri, ambao wakisema ndege hii ibaki chini, hakuna simu ya mkubwa itakayoinyanyua. Nauliza kwa moyo safi kabisa: je, mkaguzi wetu akizuia ndege usiku wa leo, kesho atakuwa na kazi?

Na tuseme haki pia. Zile Airbus A220 za Air Tanzania (ATCL) zilipoegeshwa kwa ajili ya injini watu walicheka sana mitandaoni. Injini zile ni za Pratt & Whitney, PW1500G, na tatizo lilitoka kwa mtengenezaji. Hata airBaltic na Swiss waliegesha za kwao. Hasara ilikuwa kubwa na ni kodi zetu. Lakini shirika lililokubali hasara badala ya kurusha injini yenye mashaka lilifanya kile ambacho uzi huu unakililia, nami siwezi kulicheka kwa hilo.

Kisiki

Nimekuelewa mkuu. Ile ya folklifti imenikaa. Sasa basi mtengenezaji yeye anawajibika lini? Maana naona fundi anasaini, rubani anakufa, shirika linalipa faini, mwenye kiwanda yuko salama.

Mtoto wa Igoma

Hayuko salama, ila hufikiwa mwisho. Sioux City, 19 Julai 1989, United 232: diski ya feni ya injini ya mkiani ilipasuka kwa sababu ya doa dogo la uchafu lililobaki ndani ya titani tangu ilipoyeyushwa kiwandani, karibu miaka 18 nyuma. Vipande vilikata mabomba yote ya haidroliki. Walikufa 112, walipona 184. Hapo kosa lilianzia kwa aliyeyeyusha chuma, likapita kwa mkaguzi wa shirika ambaye alikuwa na nafasi ya kuuona ufa na hakuuona, likafika kwa aliyebuni ndege akapitisha mabomba yote karibu na mahali pamoja.

Na Qantas 32, 4 Novemba 2010, A380 juu ya kisiwa cha Batam baada ya kutoka Singapore: kibomba cha oili ndani ya injini ya Rolls-Royce kilitobolewa kiwandani upande mmoja ukawa mwembamba kuliko mwingine. Kikapasuka, moto ukawaka, diski ya tabini, gurudumu linalozungushwa na hewa ya moto ndani ya injini, ikatoka nje ya injini kama msumeno. Watu 469, wote wazima. Mwaka uliofuata Rolls-Royce walikubali kuilipa Qantas dola milioni 95 za Australia.

Wakili wa Jioni

Naongezea upande wa sheria, maana hapo ndipo abiria wetu wanapopunjwa. Kwa safari ya kimataifa, kuna Mkataba wa Montreal wa 1999. Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Abiria akifa au akiumia kwa ajali ndani ya ndege, huhitaji kuthibitisha kosa la mtu. Shirika linawajibika moja kwa moja hadi SDR 151,880 kwa abiria mmoja, kiwango kilichoanza tarehe 28 Desemba 2024. SDR ni kizio cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kimoja kina thamani kubwa kuliko dola. Juu ya hapo shirika linaweza kujitetea kwamba halikuzembea. Likishalipa, ndipo linageuka kumdai mwenye kiwanda. Kisiki, hiyo ndiyo sababu unamwona mtengenezaji amekaa nyuma.

Mwisho wa kufungua shauri ni miaka miwili, usiku wa manane wa siku ya mwisho umekwisha. Nimeona familia zinasubiri ripoti ya uchunguzi itoke kwanza, kumbe muda unakatika. Tena ripoti ile kazi yake ni kuzuia ajali nyingine, haiandikwi kumtia mtu hatiani. Msisubiri. Na msisaini karatasi yoyote ya "malipo ya mwisho" msibani.

Ngalawa1961

Hii ya miaka miwili sikuijua, na kijijini kwetu kuna msiba unaohusika. Wakili naomba nikufuate kwenye ujumbe binafsi.

Wakili wa Jioni

Karibu, leo leo.

Mtoto wa Igoma

FundiSpana, kabla hatujalala, nisaidie moja. Ile barua yangu ya mwaka jana haikujibiwa. Labda niliuliza vibaya, niliandika tu "naomba kujua tatizo lilikuwa nini". Wewe ungekuwa upande wa karakana, swali gani usingeweza kulikwepa?

FundiSpana_MSA

"Tatizo lilikuwa nini" litajibiwa na mtu wa huduma kwa wateja, naye atakuandikia kiufundi kiufundi. Andika nakala kwa mkurugenzi wa usalama wa shirika, kila shirika lazima liwe naye, na nakala nyingine kwa mamlaka ya anga. Taja tarehe, namba ya safari na zile herufi za ubavuni kama unazo. Halafu uliza hivi: tukio la injini kuzimwa angani liliripotiwa kwa mamlaka tarehe gani? Injini ilitolewa au ilitengenezwa ikiwa bawani? Kuna waraka wa mtengenezaji unaohusu sehemu iliyoharibika, na kama upo, ulitolewa lini na mliutekeleza lini?

Hizo tarehe mbili za mwisho ndizo muhimu.

Mtoto wa Igoma

Herufi ninazo. Nilipiga picha panga lilipokuwa limesimama, na tulipotua nikapiga nyingine nikiwa nashuka ngazi, ubavu wa ndege unasomeka. Naandika usiku huu.